Likizo Pwani: Kutoka Likasi Hata Bagamoyo

Mtu akitaja likizo ya baharini, wengi wetu hukumbuka picha za kalenda zitokazo Ulaya: miji ya kale ya Italia, ya Uhispania na ya Ufaransa ya kusini, nyumba nyeupe juu ya majabali, na watu wamejilaza mchangani kando ya Bahari ya Mediteranea. Twadhani starehe ya namna ile imewekwa kwa ajili ya wengine. Hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville tangu mwaka 1931 hata mwaka 1966, husimuliwa jinsi wakubwa wa migodi walivyofunga masanduku yao wakaenda konji kwao, kisha wakarudi na ngozi nyekundu kama tofali. Mchimbaji wa shaba yeye alibaki na vumbi lake.

Walakini nasi tunayo bahari, na kando yake ipo miji ya kale yenye historia inayotuhusu sisi kuliko ile ya Roma na Venezia. Tena njia ya kuifikia si ngeni kwetu, kwa kuwa ndiyo ipitayo shaba yetu kila siku. Katika likizo kuu ya shule, mwezi wa Julai, sisi walimu watatu wa mji huu tuliifuata njia hiyo hata mwisho wake. Twapenda kuwasimulia tuliyoyaona, pamoja na swali moja tulilokwenda nalo.

SWALI LA MAMA MMOJA

Fedha ya safari tuliikusanya kwa likelemba muda wa miaka miwili, kila mwezi kidogo kidogo, maana mshahara wa mwalimu mwaujua. Siku ya kufunga shule mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu wa darasa la tano, alitujia uani.

"Walimu, nasikia mnakwenda baharini."

"Ndiyo, Mama. Tunakwenda kupumzika na kujifunza."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba wa watoto wangu ni dereva wa kamyo. Huu ni mwaka wa tisa anapeleka shaba Dar es Salaam. Bahari hiyo ameifikia mara nyingi hata hesabu imempotea, lakini hajapata kukanyaga maji yake. Hushusha, hupakia, hurudi. Basi nendeni salama, walimu, mkapumzike. Ila mkirudi mtuambie: kupumzika ni kwa nani?"

Hakusema kwa hasira. Ndiyo sababu maneno yake yalituchoma zaidi. Hatukuwa na jibu, tukamuaga kwa heshima, tukaondoka nalo lile swali kama mzigo wa nne juu ya mizigo yetu mitatu.

NJIANI

Kutoka Lubumbashi hata Dar es Salaam ni yapata kilometa 2,000 kwa barabara. Huko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, tuliyakuta makamyo yamepangana mkia kwa kichwa, kila moja limebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Chini ya magari hayo madereva walikuwa wakipika, wakifua, wakilala. Wengine walikuwa wamekaa hapo siku kadhaa wakingoja karatasi zao. Sisi wa basi tulipita baada ya saa chache tu.

Tukapita Ndola na Kapiri Mposhi, tukashika barabara kuu ya kaskazini. Tulipofika Serenje mmoja wetu akatuonyesha upande wa kushoto, ng'ambo ya misitu. Huko, kuelekea ziwa la Bangweulu, ndiko kijiji cha Chitambo kilikokuwa, alikofia Daktari Livingstone mwaka 1873. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi hata pwani. Vitabu vyasimulia sana habari za msafiri huyo. Habari za waliombeba si watu wengi wanaozijua. Tuliposhangaa kwa kuchoka na kiti cha basi, tuliwakumbuka hao tukanyamaza.

Njia za kale za kutoka bara hazikupita mahali pale pale ilipo lami ya leo, lakini zilielekea bahari ile ile. Kaskazini ya mji wetu wa Likasi kuna Bunkeya, palipokuwa makao makuu ya mfalme Msiri wa Garenganze. Msiri hakuzaliwa Katanga. Alitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, na baba yake Kalasa alikuwa mfanya biashara aliyefuata shaba. Mfalme huyo aliuza shaba na pembe za ndovu, akanunua bunduki na nguo. Nasi tusifiche ukweli: aliuza na watu pia. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold, nao wapagazi wa msafara huo waliandikwa huku pwani. Hivyo pwani na Katanga zimejuana tangu zamani, kwa mema na kwa mabaya.

Siku ya nne, baada ya Tunduma, Mbeya na nyanda za Mikumi ambako twiga walitutazama kama wakaguzi wa shule, tuliingia Dar es Salaam usiku. Kesho yake tukapanda gari dogo kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilometa 70 hivi kuelekea kaskazini.

BAHARI YATUFUNDISHA ADABU

Tuliiona bahari asubuhi, kati ya minazi. Hatuoni aibu kusema kwamba tulisimama kimya kama watoto. Ramani tumezichora ubaoni mara nyingi, tukapaka chaki ya buluu hata ukingoni. Chaki ile haikupata kutuambia kwamba bahari hupumua. Tulivua viatu tukaviweka karibu na maji, tukaenda mbali kutazama wavuvi wakivuta ngalawa zao. Tuliporudi maji yalikuwa yamejaa, na kiatu kimoja cha mwenzetu kimekwenda zake. Mvulana mmoja muuza madafu alicheka sana, kisha akatueleza habari za maji kupwa na maji kujaa, kwa utaratibu kabisa, kama mwalimu. Siku ile sisi tulikuwa darasa lake.

Alituchekea na lugha yetu pia. Tulipoomba "mayi" ya kunywa alituuliza kama twataka mayai mangapi. Tulipotaja bukari na sombe, hakuelewa hata tulipomwonyesha sahanini: "Ala! Ugali na kisamvu!" Hata hivyo, baada ya nusu saa tulikuwa tunazungumza bila shida. Hapo ndipo tulipoona ajabu ya jambo hili. Tumesafiri kilometa 2,000, tumevuka mipaka miwili, tumekuta lugha yetu imetangulia kufika. Au tuseme kweli: haikututangulia, bali huku ndiko ilikotoka. Ilipanda bara mabegani mwa wapagazi, mizigoni mwa wafanya biashara, na baadaye katika kambi za askari na za wachimba shaba, hata ikawa lugha ya nyumbani kwetu.

MAANA YA BAGAMOYO

Jioni tulimkuta mzee mmoja ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Kwetu Katanga hatuna mazoea ya kusema shikamoo, lakini tulikuwa tumekwisha kujifunza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi?"

"Tumetoka Likasi, Katanga, nchi ya Kongo."

"Mbali hiyo! Mmeleta biashara?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kupumzika."

Akaweka wavu chini. "Basi mmefika mahali penyewe. Watu wa bara tangu zamani walikuja hapa hapa kupumzika. Jina lenyewe lasema: bwaga moyo. Mpagazi alitembea miezi, pembe ya ndovu begani. Akiuona mji huu, akatua mzigo, na moyo wake ukatua." Kisha akaongeza polepole: "Lakini wako wasemao kwamba jina hili ni la watumwa. Mtumwa akiiona bahari, alijua kwamba hatarudi tena kwao. Naye akaubwaga moyo hapa, auache Afrika, mwili uende peke yake."

Tulimwuliza ipi ndiyo kweli. Akajibu: "Walipita wote njia moja."

Wapenzi wasomaji, jibu hilo lilitufaa kuliko vitabu vingi. Wanyamwezi na wengine kwa maelfu waliteremka hapa kila msimu wakakaa kambini wakingoja msafara wa kurudi. Walijenga vibanda, walicheza ngoma, walinunua nguo za kuwapelekea wake zao. Walikuwa wafanyakazi wenye ujira, na hapa ndipo palipokuwa na likizo yao. Basi waliotangulia kustarehe katika mchanga huu si wageni wa hoteli. Ni wapagazi wa bara.

Walio chini ya minyororo nao hawakusahauliwa na wote. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo wakafungua misioni, wakawakomboa watumwa, watoto wengi miongoni mwao, wakajenga kijiji cha waliopata uhuru. Tulipita katika njia yenye miembe mikubwa hata kanisa la kale, lililojengwa mwaka 1872. Katika mnara wake mwili wa Livingstone ulilala usiku mmoja, mwezi wa Februari 1874, kabla ya kuvushwa baharini. Chuma na Susi walitua mzigo wao hapo. Tuligusa ukuta wa mnara huo, ukuta wa mawe ya matumbawe, mkavu na wenye joto la jua, na kila mmoja wetu akasali kwa siri.

Magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji, ni ya zamani zaidi. Kuna misikiti na makaburi yenye nguzo ndefu, na msikiti mmoja husemwa kuwa ni wa karne ya 13. Mapadre walipotua, mji huo ulikuwa umekwisha kuwa magofu. Wanafunzi wanaofikiri kwamba historia yetu ilianza siku Mzungu wa kwanza alipofika, tungependa waje wakae saa moja katika kivuli cha mibuyu ya Kaole.

UNGUJA

Kutoka Dar es Salaam meli ya abiria ilituvusha hata Unguja kwa saa mbili hivi. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, na mwalimu wetu wa hesabu alihesabu mawimbi hata akashindwa kuendelea kwa sababu ambayo hatutaitaja hapa.

Mji Mkongwe wa Unguja umeandikwa na UNESCO tangu mwaka 2000 katika urithi wa dunia. Njia zake ni nyembamba hata watu wawili wenye vikapu lazima mmoja ampishe mwenziwe. Milango ni ya mbao nzito iliyonakshiwa, yenye misumari ya shaba nyeupe na nyekundu. Tuliitazama misumari hiyo kwa jicho la watu wa Likasi! Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Mji wa kale nao ni kama mzee: usipotunzwa, waanguka.

Tulionyeshwa nyumba ya Tippu Tip. Jina hilo lajulikana sana mashariki ya Kongo, kwa maana misafara yake ilifika Manyema na mbali zaidi, ikichukua pembe na watu. Alizaliwa kisiwani hapa, akafa hapa mwaka 1905, amekaa katika nyumba yenye baraza ya mawe. Wengi wa waliotembezwa na misafara ya namna hiyo hawana hata kaburi.

Kisha tukaenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwezi wa Juni 1873, na mahali pake Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Nje kuna sanamu za watu watano shimoni, wamefungwa mnyororo shingoni. Ndani ya kanisa tuliona msalaba wa mti, wala hatukutazamia tuliyoambiwa: mti huo watoka Chitambo, katika ule mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Tulitazamana. Siku chache zilizopita tulipita karibu na mahali pale, tukiwa tumesinzia nusu katika basi. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873, akiwa amepiga kelele miaka mingi juu ya biashara ile. Soko likafungwa hata majuma sita hayajatimia, naye hakupata habari.

Jumapili tulisali katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Wakatoliki lenye minara miwili, lililojengwa miaka ya 1890. Watu husema kwamba lafanana na kanisa la Bibi Yetu lililo juu ya kilima cha Marseille, kando ya ile Bahari ya Mediteranea ya kalenda zetu. Iwe hivyo au isiwe, waimbaji waliimba kwa Kiswahili, na mama mmoja mzee akatusogezea nafasi ubaoni kama jamaa zake.

Mchana tulikwenda pwani, tukaogelea kwa mara ya kwanza bila woga. Mchanga wa huko ni mweupe kama unga. Tulikula pweza, tukalala kivulini, tukacheka bila sababu. Twasema wazi, ili mtu asifikiri kwamba tulikuwa tukihuzunika siku zote: tulipumzika kweli, na moyo ulitua.

BANDARINI

Siku ya mwisho, tukiwa Dar es Salaam, tulitafuta mahali yanapokusanyika makamyo yetu karibu na bandari. Hatukupata tabu kuyatambua, maana madereva walikuwa wakiitana kwa Kiswahili cha Katanga. Tukawapa habari za nyumbani, wakatupa chai. Tulipowauliza kama huenda ufukoni, mmoja alicheka: "Mwalimu, bahari naisikia kwa pua tu." Mwingine akaeleza kwamba akiliacha gari, aweza kuibiwa mafuta au turubai, na akichelewa kupakia, ndiye alaumiwaye. Kutoka pale walipoketi hata ufuko wenye mchanga si mwendo mrefu.

Ndipo tulipolielewa swali la mama yule. Mpagazi wa zamani alibeba kilo 30 hivi, akatembea kwa miguu. Lakini alipofika pwani, mzigo uliondoka begani naye akalala. Mpagazi wa siku hizi hubeba tani nyingi kwa injini. Lakini afikapo, mzigo wake hautui. Waubadilisha tu.

TULIVYOMJIBU

Shule ilipofunguliwa tuliweka mezani chupa ya maji ya bahari, kome kumi na mbili, na ramani tuliyoichora upya. Kila mtoto alionja tone moja, akakunja uso. Kisha tukawasimulia njia nzima: Bunkeya, Chitambo, Kaole, mnara wa Bagamoyo, msalaba wa Mkunazini. Mtoto wa dereva alikaa mbele. Hakuuliza neno. Alifuata barabara kwa kidole katika ramani, kutoka Likasi hata bandarini, na kurudi.

Tulimwendea mama yake jioni. Tulimwambia: "Mama, uliuliza kupumzika ni kwa nani. Tumeona mahali ambapo jina lake lamjibu. Ni kwa yule aliyebeba mzigo. Na asipopewa nafasi ya kuutua, amedhulumiwa, hata kama analipwa." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mkayaandike hayo, walimu." Nasi twayaandika.

Kwa wasomaji wetu wenye kuajiri watu, neno hilo latosha. Kwa wasomaji wengine tuongeze hili: si lazima kufika baharini. Watu wa Likasi wanalo ziwa la Tshangalele huko Mwadingusha, ambako mto Lufira ulizuiwa ili kupata umeme wa migodi. Yapo maporomoko ya Lofoi katika Kundelungu, yaangukayo zaidi ya meta 300, ambayo wengi wetu tumeyaona katika picha tu. Siku moja ya familia nzima pamoja, na kapu la chakula, na mzee mmoja wa kusimulia habari za kale, ni likizo kamili.

Majuma mawili baadaye dereva mwenyewe alirudi safari. Alikuja shuleni akiwa na vumbi bado, akaomba aione ramani. Alipofika Serenje kidole chake kikasimama. "Nimepita hapa miaka tisa," akasema, "wala hakuna aliyeniambia." Akakaa kimya akitazama ile chupa ya maji, ambayo ilikuwa imebaki nusu. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekata shauri:

"Safari ijayo, nikiisha kushusha, nitamwachia mwenzangu gari saa moja. Nitakwenda nitie miguu."